Kabambare: gobori haina namba, mwindaji anakosa karatasi

Katika vijiji vya teritwari ya Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, mwanaume anayetoka porini na gobori begani anaweza kukutana na swali gumu njiani: wewe ni mwindaji ama ni Mai-Mai? Bila karatasi, jibu lake ni mdomo tu.

Gobori, ambayo wengine wanaiita pupu, inatengenezwa na wahunzi wa kijijini kwa bomba la chuma na ubao. Baruti inamiminwa kwenye mdomo wa bunduki, inashindiliwa kwa fimbo, kisha vinafuata vipande vya chuma. Inapiga mara moja tu, na kuijaza tena kunachukua muda. Baruti ikilowa mvua, hailii. Kaliba 12 ya kiwandani inajazwa kwa sekunde chache, na wanyama wengi zaidi wanaweza kuanguka kwa siku moja.

Bunduki za kumimina baruti ni za zamani huku. Katika karne ya 19 Kabambare ilikuwa kituo cha misafara kati ya ziwa Tanganyika na Kasongo, mji wa Tippu Tip. Bunduki ziliingia kwa njia hiyo, pembe za ndovu zikatoka. Mwaka 1890, mkataba wa Brussels ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha nafasi kwa zile za gumegume. Silaha dhaifu ndiyo iliyoachiwa mwanakijiji.

Leo mambo yamegeuka. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inamtaka mwindaji awe na kibali, aheshimu miezi ya kufungwa kwa uwindaji, na asiguse wanyama wanaolindwa kama tembo. Sheria ya silaha ya 1985 inataka ruhusa ya kumiliki bunduki. Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Kongo iliitia sahihi, inataka kila silaha ipigwe namba inapotengenezwa.

Hapo ndipo shida ilipo. Kaliba 12 inatoka kiwandani na namba yake. Gobori ya mhunzi haina. Kwa hiyo mwenye bunduki inayomaliza wanyama haraka ana njia nyepesi zaidi ya kupata karatasi kuliko mwenye ile ya polepole.

Kwingine upole huo umepewa heshima. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, tangu 1974 kuna msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za gumegume peke yake.

Kabambare si Pennsylvania. Hapa mpiganaji na mwindaji wanaweza kubeba gobori za mhunzi mmoja, na serkali ina sababu ya kuziogopa. Lakini kama hakuna daftari la kuwatenganisha, baba anayetafuta simbiliki wa kulisha watoto ataendelea kukimbia kizuizi sawa na mwenye kuvamia vijiji.