Usalama wa vibarua wa barabara ulipwe kwa kipimo kama lami

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Kibarua anayesawazisha lami mita 60 mbele ya kibao cha tahadhari ana sekunde zisizotimia tatu iwapo dereva hakukiona. Kwa muda huo hata kugeuka ni kazi, sembuse kukimbia na buti zito huku mngurumo wa mtambo wa kushindilia umemziba masikio.

Tanzania barabara kuu kwa kawaida haifungwi ili itengenezwe. Kilomita 19.2 za Kimara hadi Kibaha zilipopanuliwa kuwa njia nane, malori ya Zambia na Kongo na mabasi ya mikoani yaliendelea kupita ubavuni mwa mafundi. Wengi huwalaumu madereva wakorofi. Wapo kweli, lakini mimi tatizo naliona mapema zaidi, kwenye zabuni.

Lami hupimwa kwa mita za mraba, kifusi kwa mita za ujazo, na mhandisi mshauri hasaini hati ya malipo mpaka aridhike na majibu ya maabara. Usalama mara nyingi huandikwa mstari mmoja wa jumla kwenye gharama za awali. Mkandarasi anayeweka bei halisi ya vizuizi vya zege, taa za usiku na washika bendera wa zamu mbili, bei yake hupanda. Mwenzake aliyeandika kiasi kidogo huchukua kazi. Koni zikigongwa au kuibwa usiku hazirudishwi, na mahali pake hupangwa mawe na matawi ya miti. Jiwe likigongwa na gari huruka likawapiga haohao linaodaiwa kuwalinda.

Sheria ipo. Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi inamtaka mwajiri awalinde watu wake, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) una mamlaka ya kukagua. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao hulipa aliyeumia au warithi wake. Lakini kibarua wa siku, asiye na mkataba wala jina kwenye orodha ya mishahara, familia yake itathibitisha vipi kwamba alikuwa kazini?

Vizuizi navyo havitoshi vikipangwa ovyo. Machi 22, 2023, kwenye barabara ya I-695 karibu na Baltimore, Marekani, magari mawili yaliyokuwa yakienda kasi mno yaligusana. Moja likapenya uwazi ulioachwa kati ya vizuizi vya zege kwa ajili ya magari ya kazi, likaua wafanyakazi sita. Mwaka uliofuata jimbo la Maryland likapandisha faini za kamera za mwendo kwenye maeneo ya ujenzi. Wala hatari haitoki kwa wapita njia pekee: wafanyakazi wengine huuawa na lori la mradi wenyewe likirudi nyuma, bila mtu wa kumwongoza dereva.

Wakala za barabara za serikali, TANROADS na TARURA, ndizo zinazotangaza sehemu kubwa ya kazi hizi. Ziweke kwenye kila zabuni fungu la usalama lenye kiasi kilekile kwa washindani wote, lisiloshindaniwa bei. Lilipwe kila mwezi kwa vizuizi, taa na washika bendera waliohesabiwa barabarani, usiku na mchana, kisichoonekana kisilipiwe. Mkandarasi atakilinda kile anacholipiwa.