Msonge wa Waluo: Muundo na Istilahi Zake

Mwaka 2018, UNESCO iliiorodhesha Thimlich Ohinga, iliyoko Kaunti ya Migori, kuwa Turathi ya Dunia. Kuta zake za mawe, zilizopangwa bila saruji wala udongo, zinakadiriwa kuwapo tangu karne ya 16. Hata hivyo, wakazi wake walilala katika nyumba za miti na nyasi zilizokuwa ndani ya kuta hizo. Nyumba zenyewe zimeoza. Vimesalia vibonde tu zilipokuwa. Makala haya yanaeleza nyumba ya aina hiyo, ambayo Waluo wa Migori na Homa Bay waliendelea kuijenga hadi mabati yalipoenea.

Kwa Kijaluo nyumba huitwa *ot*, na ile ya jadi ni msonge. Nguzo huchimbiwa ardhini kwa duara, zikafungwa fito ndani na nje, kisha udongo ukakandikwa. Kwa hiyo, udongo huziba tu. Kinachobeba paa ni miti. Makombamoyo huinuka kutoka ukutani yakakutana kileleni. Nyasi huezekwa kuanzia chini kwenda juu, ili kila safu ifunike sehemu ya juu ya ile iliyotangulia na maji yateremke bila kupenya. Upenu nao huukinga ukuta na mvua.

Aidha, muundo huu una maana za kijamii. Nyumba ya mke wa kwanza hukabili lango la boma, ilhali *simba*, yaani nyumba za wana wa kiume, hujengwa karibu na lango hilo. Juu ya kilele cha paa huchomekwa *osuri*, kijiti kinachoashiria kuwa mwenye boma yu hai. Akifariki, kijiti hicho huondolewa.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Kiswahili kina nguzo, fito, kombamoyo na upenu. Kwa *osuri* hakina neno. Tukisema “kijiti cha kileleni” tumetaja umbo, lakini tumeacha msiba. Ni heri neno hilo litoholewe kama lilivyo.

Paa la mabati halihitaji mwezekaji wa nyasi. Kila fundi wa nyasi anapoaga dunia, istilahi zake huenda naye. Wanafunzi watokao kaunti hizi mbili hawana budi kuzikusanya wakati wa likizo, maadamu mafundi wachache wangalipo. Mawe ya Thimlich yatasubiri, maneno hayatasubiri.