Mpiga Besi Hatunzwi, Ila Bila Yeye Wimbo Hautui

Katika taarabu za huku kwetu Mombasa watu huja kumsikiliza mwimbaji. Baada ya mwimbaji humsikiliza mpiga kinanda, kisha mpiga tashkota, kisha mwenye tabla, hasa akiwa ni fundi wa vidole. Mpiga gitaa la besi hakuna amsikilizaye. Lakini siku akikosekana, ndipo watu hugeukiana wakaulizana: "Mbona leo wimbo hautui?"

Mimi ni mmoja wa hao wasiosikilizwa. Kazi yangu ya mchana ni kalamu, na usiku wa harusi kazi yangu ni nyuzi nne. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimepiga besi katika kikundi cha ridhaa, yaani kikundi cha watu wenye kazi zao: mmoja fundi wa cherehani, mmoja karani wa bandarini, mmoja mwalimu wa hesabu, na wengine wachuuzi wa Marikiti. Hatujapata kutoa santuri wala kanda. Nyimbo tupigazo ni za watu: za marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, za Maulidi Juma, za Zuhura Swaleh, na zile za sinema za Kihindi ambazo kila mama wa makamo anazijua. Kwa hivyo wako watuitao waigaji, na hulitamka neno hilo kana kwamba ni tusi.

MAHADHI YA KUAZIMA

Msomaji asidhani kuwa kuazima mahadhi ni jambo la juzi. Unguja husimuliwa kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na mwaka 1928 Siti binti Saad akavuka bahari hadi Bombay kurikodi santuri. Tangu hapo Misri na Bara Hindi zimekuwa kama majirani zetu wa ukutani: wakipika, sisi twasikia harufu.

Kisha zikaja sinema. Ilipotoka Awara ya Raj Kapoor mwaka 1951, na nyimbo zake zilizotiwa mahadhi na Shankar na Jaikishan, wazee wetu walitoka sinema wakiimba maneno wasiyoyajua maana. Waimbaji wa Mombasa wakaona hapo pana mlango. Waliyachukua mahadhi, wakayavua maneno ya Kihindi, wakayavika mashairi ya Kiswahili. Juma Bhalo aliimba tungo za Ahmad Nassir, yule mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka mwaka 1971. Mtu akisikia maneno ya uzito ule, hamkumbuki tena mchezaji sinema aliyekuwa akizunguka mti.

Na hapa ndipo pana kazi ya besi. Wahindi wana mapigo yao ya ngoma yenye majina. Kaharwa ni mapigo manane, dadra ni mapigo sita. Shairi letu la kawaida lina mizani kumi na sita katika mshororo, nane za ukwapi na nane za utao. Wimbo wa mizani kumi na mbili nao hugawanyika sita kwa sita. Nilipoanza kujifunza nilistaajabu kuona jinsi vipande hivi vinavyokaribiana na mapigo yale. Si kila silabi hukaa juu ya pigo lake, la; mwimbaji huvuta hapa akakaza pale. Ila palipo na nane upande huu na nane upande wa pili, watu hawa wawili wanaweza kuoana.

Anayeifunga ndoa hiyo ni mpiga besi. Katika kaharwa mimi huweka sauti ya msingi kwenye pigo la kwanza, na sauti ya tano yake kwenye pigo la tano. Ni hivyo tu, usiku kucha. Mwimbaji akiyumba kwa kuwa silabi zimemzidi, husikia pigo la kwanza likimwita arudi. Kwa mtunga mashairi kama mimi hiyo imekuwa ni darasa, kwani mshororo usiokaa sawa katika karatasi huonekana mzuri machoni, lakini ukiupigia besi utausikia unachechemea.

NYUZI NNE NA SUFURIA

Gitaa la besi la umeme si kitu kikongwe. Leo Fender wa Marekani alilitoa lake mwaka 1951, mwaka ule ule wa Awara. Nyuzi zake ni nne, zimepangwa kama zile za besi kubwa ya kusimama wanayoipiga Unguja: mi, la, re na sol. Uzi ulio mzito kuliko wote hutetemeka kiasi cha mara 41 kwa sekunde.

Ndiyo sababu kujifunza kwangu kulikuwa na taabu. Tulijifunza kwa kanda, na redio ndogo haiwezi kuitoa sauti nzito kiasi hicho. Sikio hukisia tu kwa kusikia zile sauti nyembamba zinazofuatana nayo. Nilizoea kuiweka redio chini, katika pembe ya chumba, kuta zikaisaidia besi, kisha nikairudisha kanda nyuma mara ishirini kwa ajili ya sauti tatu. Nyumbani kwangu hakuna asiyezijua nyimbo hizo, wapende wasipende.

Nyuzi nazo ni ghali, na hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma. Zikishachoka hulia kama kamba ya kuanikia nguo. Dawa yetu ni kuzivua, kuzitia katika maji ya moto, zikachemka dakika kumi mafuta ya vidole yakatoka, kisha kuzikausha vizuri. Zikitoka hapo huwa na uhai tena kwa muda. Mke wangu amenitengea sufuria maalumu, na amenionya nisiiguse nyingine.

Harusi yenyewe huanza baada ya sala ya isha. Mwimbaji hutunzwa, noti zikamwagika mapajani pake. Katika kikundi chetu fedha zote hutiwa katika kikapu kimoja. Hutolewa nauli na kodi ya spika, na kinachobaki hugawanywa sawa kwa sawa. Mara nyingi kinachobaki ni cha chai na mahamri. Ramadhani vyombo hufungwa, na adhana ikisikika mkono huondoka juu ya nyuzi hata kama ni katikati ya ubeti. Najua wanavyuoni wamehitilafiana juu ya ala za nyuzi, na wako jamaa zangu wa chuoni ambao hawaji nipigapo. Siwalaumu, na wao hawajaacha kunijibu salamu.

MASHINE ISIYONGOJA

Shida iliyotufika ni nyingine. Tangu miaka ya 1990 vinanda vya umeme vimejaa mjini. Mpigaji hubonyeza kidole kimoja cha mkono wa kushoto, na kinanda chenyewe kikatoa ngoma, na gitaa, na besi. Siku hizi familia nyingi husema waziwazi: leteni watu wawili, mwimbaji na mwenye kinanda. Nami siwezi kuilaumu familia yenye binti wa kuozwa na bei ya mchele ilivyo. Kuwalisha na kuwasafirisha watu wanane si mchezo.

Lakini yafaa ijulikane kinachopotea. Mwimbaji anapofika kwenye neno la kuchoma, na mama mmoja akainuka polepole kutoka mwisho wa ukumbi kuja kumtunza, mwimbaji humngoja. Hulirudia neno mara tatu, mara nne, mpaka mama afike. Kikundi cha watu huliona hilo kikangoja naye. Mwenye tabla hunikazia macho, nami nikakaa juu ya sauti moja hata tuambiwe twende. Mashine iliyokwisha kuwashwa haioni mtu. Huenda zake, na mwimbaji akalazimika kumwacha mama yule njiani ili aifukuzie. Wapo wapigaji hodari wanaoizima ile mashine wakapiga besi kwa mkono wao wa kushoto, na hao nawavulia kofia. Ila si wengi.

Sisi tulikuwa wanane. Watatu wamekwenda mbele ya haki, na vidole vyangu huamka asubuhi vikiwa vizito. Mwaka jana tulikaa kitako tukaulizana kama tuvunje. Tukakubaliana tusivunje, tupunguze bei, na kila Jumapili alasiri tufundishe vijana bila malipo. Wengi waliokuja walitaka kinanda. Mmoja tu alitaka besi, kijana wa Majengo wa miaka kumi na tisa. Wiki ya tatu akaja baba yake.

"Maalim," akasema baada ya salamu, "nisamehe kwa swali langu. Huyu kijana atapata nini hapa?"

"Pesa hatapata, ndugu yangu," nikamwambia. "Nisije nikakudanganya."

"Na jina?"

"Jina pia hatapata."

Akacheka, akaangalia chini. "Sasa wewe umekaa miaka yote hii kwa nini?"

Nilimwomba aketi asikilize wimbo mmoja. Kijana alipiga, akapotea mara mbili, mara ya tatu akaliwahi pigo la kwanza mwenyewe, na wenzake wakatulia juu yake. Baba hakusema kitu. Alipoondoka alisema tu kwamba Jumapili ijayo kijana atachelewa kidogo kwa kuwa ana kazi ya dukani, basi tumngoje.

Siku ile usiku niliandika ubeti huu, nikampa kijana auweke katika mfuko wa gitaa:

Mzizi hauoneki, mti unaposimama,
Wala sifa hautaki, tunda likiwa ni jema,
Ukikatwa hatucheki, majani yatatuhama,
Ndivyo ulivyo muziki, besi ni wake mtima.

Wasomaji wangu, sina la kuwaomba ila dogo. Mkiwa na harusi, na uwezo upo, ulizeni kama mwaweza kupata kikundi cha watu badala ya mashine, angalau kwa saa moja ya mwanzo. Na mkishawatunza waimbaji, tupeni jicho nyuma yao, karibu na spika kubwa. Mtamwona mtu amekaa kimya na gitaa lenye nyuzi nne. Huyo hahitaji noti. Mwambieni tu kwamba mmemsikia.