Si Kila Kijani ni Malisho

Mwezi Februari, mvua zikiwa zimekubali, Migato, wilayani Itilima mkoani Simiyu, ikipigwa picha kutoka kilomita 700 na ushei angani huonekana kijani karibu kote. Pamba, mahindi, nyasi za ngitili (malisho yanayofungwa kwa msimu) na magugu ya kando ya mto, vyote rangi moja. Setilaiti haijui kipi kitaliwa na ng'ombe na kipi kitapelekwa kiwandani. Yenyewe hupima mwanga tu.

Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu ili litengeneze chakula chake, lakini hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Likinyauka, tofauti hiyo hupungua. Wataalamu huchukua infraredi wakatoa nyekundu, kisha wakagawanya kwa jumla ya zote mbili. Jibu ndilo kielezo cha uoto, NDVI, kinachotumika sana katika taarifa za ukame. Uoto uliosongamana hukisogeza kuelekea 1. Udongo mtupu hukiacha juu kidogo ya sifuri.

Udongo wenyewe nao una la kusema. Wasukuma hutofautisha luseni, ambao ni mchanga mwepesi, na mbuga, udongo mweusi wa mabondeni unaonata masika na kupasuka kiangazi. Pamba iliyoota juzi, yenye majani mawili matatu, husomeka kijani zaidi ikiwa mbugani kuliko ikiwa kwenye luseni, ingawa mbegu ni ileile na afya ni ileile. Mwaka 1988 mtafiti Alfredo Huete alipendekeza kanuni ya kupunguza kosa hilo. Nashangaa bado kuna ramani zinazochorwa bila kulijali.

Ukubwa wa pikseli ni shida nyingine. Kihisi cha MODIS, kilichobebwa na setilaiti ya Terra iliyorushwa mwaka 1999, kina pikseli za mita 250: moja humeza ekari 15 hivi, mashamba ya familia kadhaa yakiwa yamechanganywa humo. Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza kurushwa 2015, huigawa ekari moja katika pikseli zipatazo 40. Kwa shamba la Migato ningeanza na hiyo. Kwa historia ningerudi kwenye Landsat, ambayo ilianza 1972 na picha zake ni bure tangu 2008.

Hata pikseli za Sentinel-2, za mita 10, hazimwonyeshi ng'ombe. Mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege mwaka 1958, na ndege inayoruka chini bado ina kazi yake: bila idadi ya mifugo, kijani pekee hakisemi kama malisho yanatosha.

Ngitili ndiyo inayompima mtaalamu. Ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue, kisha likafunguliwa kiangazi kikikaza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, uliufufua utaratibu huo. Wakati huo eneo hili lilikuwa bado katika wilaya ya Bariadi, mkoani Shinyanga, kabla ya Simiyu kuwa mkoa na Itilima, yenye Migato, kuwa wilaya mwaka 2012. Katika picha moja ya Februari, ngitili na shamba ni vigumu kuvitenganisha. Fuatilia mwaka mzima, navyo vinaachana: shamba la pamba huporomoka baada ya mavuno, masalia yanapong'olewa, ilhali ngitili yenye miti hufifia taratibu.

Ila mstari wa NDVI wa ngitili unaoshuka mapema una maelezo zaidi ya moja. Huenda mvua zilikatika. Huenda moto ulipita. Huenda wazee waliifungua kabla ya wakati kwa kuwa ng'ombe walikuwa wanakufa, au kuna mtu aliingiza mifugo usiku. Ukame na moto vinaweza kuthibitishwa kwa takwimu za mvua na vihisi vya joto. Yale mengine mawili hayana kihisi. Inabidi kwenda na ramani mkononi, ukaulize ilifungwa lini, nani aliifungua, na ng'ombe walioingia walikuwa wa nani.