MKONO UNAUMA, LAKINI UGONJWA UKO KATIKA UBONGO

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba, labda mmekwisha kuona jambo hili. Baba alipata kiharusi, upande mmoja ukalegea. Baada ya wiki au miezi anaanza kulia kwamba mkono unawaka moto. Shuka likimgusa anashtuka. Maji baridi anayasikia kama moto. Mnautazama mkono: hauna jeraha. Basi wengine wanasema anajifanya, wengine wanatafuta mchawi.

Hajifanyi. Mwaka 1906 waganga wawili wa Ufaransa, Dejerine na Roussy, walikwisha kueleza maumivu hayo. Kiharusi kimeharibu njia inayopeleka habari za mwili katika ubongo. Ni kama simu yenye waya mbovu, inalia na hakuna mtu aliyepiga. Kwa hiyo kuukanda mkono kwa maji ya moto hakuondoi ugonjwa. Tena ni hatari, kwa sababu upande ule mara nyingi hausikii joto vema na ngozi inaungua.

Mganga ataanza na vidonge, kama amitriptilini. Vikishindwa, kuna njia nyingine: sumaku.

Mafundi wa umeme watafahamu upesi. Katika transfoma, umeme wa bobini moja unaamsha umeme katika bobini ya pili, na nyaya zao hazigusani. Ni vivyo hivyo hapa. Bobini inawekwa juu ya kichwa, nguvu ya sumaku inapita mfupa na kuamsha umeme kidogo katika ubongo. Anthony Barker na wenzake walianza kufanya hivyo huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Kwa maumivu ya mkono, wanalenga sehemu ya ubongo inayoongoza mkono huo, iliyo upande wa pili wa kichwa. Mara nyingi ni mapigo 10 kwa sekunde, kwa vipindi vifupi, siku kwa siku. Hakuna kisu wala dawa ya usingizi. Mgonjwa anakaa kitini, masikio yamezibwa kwa sababu mashine inagonga.

Tusidanganyane: si wote wanaopata nafuu, na nafuu hupungua, inabidi kurudia. Wengine huumwa kichwa. Mara chache sana hutokea kifafa. Mwenye chuma kichwani au kifaa cha umeme moyoni aseme kwanza. Nawe uliyerukiwa na kipande cha chuma jichoni kazini, hata zamani, sema.

Mashine hiyo ni ya hospitali kubwa, mwulizeni mganga. Nyumbani, maji ya kumwogesha mgonjwa yapimwe na mtu mzima wa afya, na vidonge vya shinikizo la damu visiachwe hata siku moja.