Leseni si kazi: tumsaidie vipi kijana anayejifunza lori?



Tunapotembelea vikundi vya Minjila na Garsen, kuna swali linalorudi kila mara: "Kijana wetu anataka kuwa dereva wa lori. Je, kikundi kimkopeshe?" Si ajabu. Minjila ni njia panda. Hapa barabara ya kutoka Malindi inagawanyika, moja inakwenda Hola na Garissa, nyingine inakwenda Garsen, Witu na Lamu. Mtoto anakua akiona malori ya ng'ombe, maembe na simiti yakipita, na dereva akishuka kunywa chai. Anasema moyoni, ile ndiyo kazi.

Kweli ni kazi nzuri. Lakini mwezi huu tungependa kuzungumza juu ya jambo ambalo sisi wenyewe tulichelewa kulielewa. Leseni si kazi.

Kosa letu

Kikundi kimoja cha kina mama kilimkopesha kijana wao pesa za shule ya udereva na leseni. Sisi ndio tuliowasaidia kuandika makubaliano ya mkopo. Tuliandika kwamba ataanza kulipa mwezi wa kwanza baada ya kuandikwa kazi. Tulifurahi, tukapiga makofi.

Kijana akapata nafasi ya mafunzo katika kampuni moja ya malori huko Mombasa. Kumbe wakati wa mafunzo hakuna mshahara wa dereva. Alipewa pesa za chakula tu, na chumba alijitafutia mwenyewe. Mwezi wa kwanza mweka hazina akapiga simu. Mwezi wa pili akapiga mara tatu. Kijana akamwomba mwalimu wake ampe gari aende peke yake. Mwalimu akakataa, akamwambia, "Bado, mwanangu." Kijana akaona anacheleweshwa. Akatoka, akachukua lori la mtu binafsi, safari za usiku, bila kupumzika. Usiku wa nne alisinzia, gari likaingia msituni. Hakufa mtu, lakini mguu wake ulivunjika mahali pawili.

Tulipokwenda kumwona tulijiuliza, hili ni kosa la nani? Kusema kweli, karatasi ile tuliiandika sisi.

Kampunini anajifunza nini?

Leseni ya Kenya inakwenda kwa madaraja. B ni gari dogo, C1 ni lori jepesi, C ni lori zito zaidi, na CE ni lori lenye trela. Mtu hapandi kutoka B hadi CE kwa siku moja, na mwenye B haruhusiwi kushika lori. Lakini hata aliye na daraja la juu, kampuni nzuri haimpi gari siku ya kwanza. Inampima macho, inamjaribu uwanjani, inamfundisha kurudisha trela nyuma (na hapo wengi hutoka jasho!), kisha inamweka kiti cha kushoto, kando ya dereva mzee, kwa safari kadhaa. Katika kiti hicho ndimo anamojifunza mambo haya:

Mteremko. Kijana wa kwetu ana shida ambayo yule wa Nakuru hana: hajawahi kuona mlima. Barabara yetu imelala kama mkeka. Siku anapoenda bara na tani nyingi mgongoni, ndipo anapojua kwamba kushusha gari ni kugumu kuliko kulipandisha. Breki za lori kubwa zinafanya kazi kwa upepo ambao injini hujaza katika mitungi. Asubuhi lazima angoje mshale wa upepo upande kabla ya kuondoka. Akikanyaga breki kila saa mteremkoni, upepo unapungua, na breki zenyewe zinapata moto. Zikipata moto sana hazishiki tena. Kwa hivyo anafundishwa kuingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza, ili injini yenyewe izuie gari. Madereva wazee husema, shuka na gia ile ambayo ungepandia. Na asiweke gari nyutro eti anaokoa mafuta.

Mwendo. Sheria inataka lori kubwa la mizigo lisipite kilomita 80 kwa saa. Hata kwa mwendo huo, kila sekunde gari linakwenda mita 22. Ukihesabu "moja, mbili" umeshapita mita 44, na hujakanyaga breki bado. Hapa kwetu, ambapo ng'ombe huvuka barabara wakienda mtoni, hilo si hesabu ya darasani.

Uzito. Kila ekseli ina kiasi chake. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lori lenye ekseli 7 lisizidi tani 56 kwa jumla, na ekseli ya mbele isizidi tani 8. Mzigo ukipangwa vibaya, jumla inaweza kuwa sawa na ekseli moja ikazidi. Hayo hugunduliwa kwenye mizani kama ile ya Mariakani, na dereva ndiye anayekutwa pale, si yule aliyepakia.

Usingizi. Sheria ya Trafiki inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480. Kwa mwendo wa lori lenye mzigo, safari hiyo peke yake inakula karibu saa zote za siku. Miraa na kahawa hazirudishi usingizi uliopotea. Zinauficha tu.

Mafuriko. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, maji ya Tana yalikata barabara pale Kona Punda, kati ya Madogo na Garissa. Magari yalisimama. Wapo wanaojaribu kupita kwa sababu lori ni refu. Lakini maji yanayokwenda kasi husukuma hata lori, na chini yake lami inaweza kuwa imeshachukuliwa.

Somo kubwa ni kusimama

Ukiyatazama vizuri mambo haya yote, utaona ni somo moja. Dereva anafundishwa kujua wakati wa kusimama, na wakati wa kumwambia tajiri wake, "Hapana, gari hili haliendi."

Tumeona nchini kwetu matokeo ya lori lililoshindikana. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likagonga magari mengine na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa. Na tarehe 31 Januari 2009 kule Sachangwan, lori la mafuta lilipinduka, wananchi wakakimbilia kuchota petroli, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Hilo la pili ni funzo kwetu sote. Lori la mafuta likianguka, tukae mbali na tuwaondoe watoto.

Sasa turudi kwa mkopo. Mtu mwenye njaa na mwenye kudaiwa hawezi kusimama. Amechoka, lakini anakumbuka simu ya mweka hazina. Breki hazimpendezi, lakini safari ikifutwa hakuna posho. Kwa njia hiyo masharti ya kikundi yanapanda garini pamoja naye. Sisi tulidhani tunaandika habari za pesa, kumbe tulikuwa tunaandika habari za barabara.

Kikundi kifanye nini?

Kwanza, ulizeni kabla ya kukopesha: mafunzo ni ya miezi mingapi, analipwa nini, analala wapi? Andikeni majibu.

Pili, gawanyeni mkopo. Sehemu iwe ya leseni, sehemu iwekwe kando kwa chakula na chumba wakati wa mafunzo. Mkiwa na pesa za leseni tu, ngojeni kwanza.

Tatu, malipo yaanze baada ya kukabidhiwa gari na kupata mshahara wa kwanza kamili, si baada ya kuitwa kazini.

Nne, someni mkataba pamoja naye. Kampuni nyingine humfunga mwanafunzi asitoke kabla ya muda fulani, ama alipe gharama. Hilo si lazima liwe baya, lakini alijue kabla ya kutia sahihi.

Tano, msimpe pesa mtu wa mkahawani anayesema ana nafasi ya kazi Mombasa. Nendeni ofisini kwenyewe, muone uwanja na malori.

Kijana wetu amepona, ingawa bado anachechemea kidogo. Mwaka huu kina mama walikaa chini wakaandika makubaliano mapya, na safari hii sisi tulisikiliza zaidi kuliko kuandika. Amekubaliwa kuanza tena kwingine, kiti cha kushoto. Juzi alimpigia simu mweka hazina mwenyewe. Alisema wamelala njiani kwa sababu dereva mzee hakuipenda sauti ya breki, na watachelewa siku nzima. Mama yule akamjibu, "Laleni, mwanangu. Sisi tupo."

Maswali ya kujadili kikundini

1. Je, kuna mkopo wetu unaomsukuma mtu kufanya kazi kwa hatari, kama vile dereva, mvuvi au mwendesha bodaboda?
2. Kijana wetu akisema "bado sijawa tayari", tunamjibu nini?
3. Nani kati yetu anamjua dereva mzee anayeweza kuja kuzungumza na vijana wetu?