Volani Ikiwa Nzito, Tuangalie Nini Kabla ya Kulipa?

Jambo tunalolizungumza juma hili lilikuwa likiachiwa wababa na mashofere. Lakini kwetu Lubudi, motokari ya zamani ndiyo inayopeleka unga wa muhogo na mboga sokoni Fungurume, ndiyo inayomkimbiza mama mwenye uchungu hospitalini, na mara nyingi feza ya kuitengeneza inatoka katika mfuko wa kikundi. Kama feza ni yetu na watoto walioketi ndani ni wetu, basi ugonjwa wa motokari nao ni wetu.

Tunaanza na ugonjwa mmoja ambao vikundi vingi vinaujua: volani inakuwa nzito. Shofere anageuza kwa mabega, anatoka jasho, na kwenye kona motokari inachelewa kufuata mkono. Barabara zetu zina mashimo na vumbi, na ukifika barabara kubwa ya taifa, ile inayopita Fungurume kwenda Kolwezi, unakutana na makamyo ya madini marefu kama nyumba. Pale volani inapochelewa kidogo tu, hatari ni kubwa.

Kwanza tujue kazi yake. Zamani magari yote yaligeuzwa kwa nguvu ya mikono peke yake. Mwaka 1926 Mmarekani mmoja, Francis Davis, alionyesha gari ambalo mafuta yenye nguvu yalimsaidia shofere kugeuza. Mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza magari ya watu yenye msaada huo, na leo karibu magari yote yanao. Katika motokari nyingi za zamani, kazi inakwenda hivi: moteri inazungusha kuruwa, ule mkanda wa mpira, kuruwa inazungusha pompo, pompo inasukuma mafuta katika tiyo, na mafuta yanasaidia kusukuma vyuma vinavyogeuza magurudumu ya mbele. Kwa hiyo volani nzito inaweza kutoka kwa kuruwa, kwa mafuta, kwa tiyo, kwa pompo, kwa vyuma, ama kwa mipira ya magurudumu. Pompo ni kimoja tu kati ya vitu sita, tena ni cha bei kali.

Tunasema hivi kwa sababu tumeyaona. Kikundi kimoja cha wenzetu kiliambiwa katika garaji kwamba pompo imekufa na ni lazima kununua nyingine. Bei yake ilikuwa kubwa kuliko likelemba yao ya miezi miwili. Mama mweka-hazina akaomba wasubiri, akaita fundi wa pili. Huyo alifungua kapo, akagusa kuruwa kwa kidole: ilikuwa imelegea na kung'aa kama kioo. Waliweka mpya, na volani ikarudi kuwa nyepesi siku ileile. Pompo ile ingali inafanya kazi mpaka leo.

Sasa tufuate mpango, tukianza na vitu visivyo na gharama.

Moja: mipira ya magurudumu. Mipira ya mbele ikikosa hewa, volani inakuwa nzito hata kama vyote vingine ni vizima. Kipimo cha hewa kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa katika nguzo ya mlango wa shofere. Jaza hewa kwanza, halafu ujaribu tena.

Mbili: mafuta. Moteri ikiwa imezimwa, tafuta chupa ndogo ya mafuta ya direksyo. Ina alama mbili, ya chini MIN na ya juu MAX. Mafuta yakiwa chini ya MIN, pompo inavuta hewa, na utasikia ikilia. Tazama rangi: katika Toyota nyingi za zamani mafuta haya ni mekundu na yanaonyesha mwanga. Yakiwa ya kahawia na kunuka kuungua, yamechoka. Yakiwa na povu kama sabuni, hewa imeingia. Ongeza mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko ama katika kitabu cha gari, kwa maana si magari yote yanayotumia aina moja. Usikubali kamwe mtu atie mafuta ya freni: yanaharibu mipira ya ndani, na shida ndogo inakuwa kubwa.

Tatu: uvujaji. Mafuta ya direksyo hayaliwi kama mafuta ya kupikia. Yakipungua, yamepita mahali. Jioni tandika katoni safi chini ya sehemu ya mbele, asubuhi uisome. Doa jekundu laweza kuwa la direksyo ama la giya otomatiki. Doa jeusi ni la moteri. Maji ya kijani ama ya waridi ni ya radiateri. Halafu tazama maungio ya tiyo, na ile mipira yenye mikunjo karibu na magurudumu ya mbele. Mkunjo ukilowa mafuta, sili za ndani zimechoka. Kuongeza mafuta kila juma bila kuziba tundu ni kumwaga feza njiani.

Ine: kuruwa. Hakikisha moteri imezimwa na ufunguo umetolewa, na kitenge chako kimefungwa vizuri. Kuruwa yenye nyufa, nyuzi zilizotoka, ama mng'ao imezeeka. Ibonyeze katikati kwa kidole gumba: katika magari mengi ya zamani inatakiwa ishuke kama sentimeta moja hivi. Ikishuka sana, inateleza. Dalili yake ni mlio mkali kama wa nguruwe unapowasha gari asubuhi ama unapogeuza volani mpaka mwisho, hasa wakati wa mvua, maji yanaporuka chini ya kapo.

Hapa tusikie vizuri. Katika magari mengine kuruwa hiyohiyo inazungusha pia mashine ya umeme na pompo ya maji. Volani ikiwa nzito ghafla, taa ya batri ikawaka, na moto wa moteri ukapanda, kuruwa imekatika. Simama mara moja. Ukiendelea kilometa chache tu, moteri inaweza kuungua.

Tano: vyuma. Muombe fundi ainue magurudumu ya mbele kwa kriki na kuyategemeza vizuri, moteri imezimwa, kisha ageuze volani. Ikigeuka nyepesi, vyuma ni vizuri na shida iko upande wa mafuta, kuruwa ama pompo. Ikiwa bado nzito, kuna chuma kilichokauka ama kupinda. Tena mwambie ashike gurudumu kushoto na kulia na kulitikisa. Likicheza, viungo vimekwisha. Hiyo si shida ya kungoja likelemba ijayo: kiungo kikichomoka, gurudumu linakwenda linakotaka. Gari la namna hiyo lisipakie mtu.

Sita: pompo. Ukikuta mipira, mafuta, tiyo, kuruwa na vyuma viko sawa, sasa ndipo tuifikirie pompo. Pompo iliyochoka inalia kwa sauti inayopanda unapogeuza. Na volani inakuwa nzito gari likiwa limesimama, halafu nyepesi ukikanyaga gaze. Lakini dalili hizo zinafanana na za mafuta machache, ndiyo maana tunaiweka ya mwisho. Volani ikiwa nzito upande mmoja tu, kwa mfano kulia, pompo kwa kawaida haina kosa. Mara nyingi ugonjwa uko katika sanduku la direksyo lenyewe.

Wenye Vitz na IST wajue kwamba mengi ya hayo hayana mafuta ya direksyo: yanatumia moteri ndogo ya umeme. Volani ikiwa nzito na taa ikawaka mbele ya shofere, mwambie fundi aanze na batri, fuse na waya. Atakayekuuzia mafuta ya direksyo kwa gari la namna hiyo anakudanganya.

Na kama volani inakuwa nzito njiani? Shofere asiogope. Msaada umepotea, lakini volani ingali imeungana na magurudumu. Ashike kwa mikono miwili, apunguze mwendo polepole, atoke kando. Asizime moteri gari likiwa linatembea, kwa maana atapoteza na msaada wa freni, na akitoa ufunguo, volani inaweza kujifunga. Abiria nao wanyamaze, wamwachie nafasi ya kufanya kazi.

Sasa tufike garajini. Mama asiseme tu, «Volani imeharibika.» Aseme: «Baba fundi, ni nzito asubuhi tu,» ama «ni nzito upande wa kushoto,» ama «inalia nikigeuza mpaka mwisho.» Halafu aulize kwa heshima: «Umeangalia nini mpaka ukajua ni pompo? Unaweza kunionyesha?» Fundi mwema hafichi, atakuonyesha kwa furaha. Patana bei kabla ya kazi, na uombe kile chuma cha zamani kitakapotolewa. Mweka-hazina akione, akiandike katika daftari la kikundi pamoja na tarehe.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutengeneza. Shofere asishikilie volani imegeuzwa mpaka mwisho zaidi ya sekunde tano, kwa sababu pompo inapata moto. Asigeuze magurudumu gari likiwa limesimama kabisa, alisogeze kidogo. Na kila Jumamosi, kabla ya kupakia mizigo ya juma, mama mmoja wa kikundi atazame vitu vitatu pamoja na shofere: hewa ya mipira, mafuta ya direksyo, kuruwa. Ni kazi ya dakika kumi.

Kikundi kinachotaka kujifunza kwa macho, kijiandikishe kwa mama katibu katika mkutano wa juma hili. Tutaomba fundi mmoja aje afungue kapo mbele yetu. Njoo na binti yako pia, kwa maana kesho ndiye atakayeshika volani.